Sukari Niliyompelekea Mama Salma

Juzi, kwenye hoteli moja hapa Tabora, niliwekewa kikombe cha chai ya kijani yenye asumini. Harufu yake tu ilinichoma masikio kwa aibu.

Mchana mmoja wa utotoni, Mama Salma, jirani yetu mshona kofia, aliniita nionje chai aliyoletewa na kaka yake kutoka Uchina. Wageni wake walikuwa wameketi mkekani. Chai ilikuwa imepauka kama maji ya kusuuzia sufuria, haina maziwa wala sukari. Kwetu chai ilichemshwa na maziwa mpaka ikafanya utando. Nikaamini wenzetu wameishiwa.

Nilikimbia nyumbani, nikachota sukari na kuifunga kwenye karatasi, nikarudi mbio.

“Mama amesema tukusaidie sukari,” nilitangaza mbele ya wote. Mama hata nyumbani hakuwepo.

Mama Salma aliipokea kwa mikono miwili.

“Mwambie mama ahsante, mwanangu.”

Akaimimina yote kwenye birika, akakoroga, akanywa kikombe kizima akinitabasamia. Leo najua aliiharibu chai yote ili mimi nisiumbuke.

Juzi mhudumu aliponisogezea bakuli la sukari, nililirudisha bila kumtazama usoni.