Karatasi ya Mfungo ya Alhaji Dadi

Mwamvua Mshamu alizaliwa Ngorongo, akajifunza kupiga chapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa akawa karani wa chama cha ushirika Kibiti. Kazi yake ilikuwa kuandika barua zinazoeleza kwa adabu kwa nini dawa ya mikorosho itachelewa. Soko huria lilipoingia, ushirika ukafa. Dawa iliendelea kuchelewa, ila sasa bila barua.

Akachukuliwa na Haruni, mwenye steshenari karibu na stendi. Haruni alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika na jenereta ya kuiendesha, na vyote viwili alivipenda kwa mbali, kama mtu anavyopenda simba. Mwamvua ndiye aliyevigusa.

Kila ilipokaribia Ramadhani alitengeneza karatasi ya mfungo: jedwali la siku zote za mwezi, saa za daku na saa za futari, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina lake. Mpaka Ikwiriri watu waliulizia “karatasi ya Mwamvua”. Hakuwa na mume wala shamba la kujivunia. Alikuwa na lile jina, na watu waliotia tende mdomoni kwa kuliamini.

Mwaka 1999 karatasi ikapata mfadhili. Alhaji Dadi, mnunuzi wa ufuta, alikuwa amegundua kwamba anawapenda wananchi, na kwamba mapenzi hayo yangefaa yatambuliwe kabla ya uchaguzi wa udiwani mwaka unaofuata. Akaja dukani na flopi yenye jedwali la saa lililoandaliwa na mpwa wake mjini, sambusa mkononi, na picha yake. Katika picha alikuwa amevaa kilemba na anacheka kwa meno yote, hata yale ambayo mtu mwenye busara angeyafumbia mdomo.

Mwamvua alipoliingiza jedwali kwenye programu ya kupanga kurasa, saa zote ziligeuka desimali. Futari ya siku ya kwanza ikasomeka 0.7778. Alhaji akasema zinaonekana za kitaalamu, ziachwe. Mwamvua alikwishajua ugonjwa: jedwali huiweka saa kama kipande cha siku na kuivisha sura ya saa kwa ajili ya macho yetu, na njiani vazi lilikuwa limevuka. Akarudi kwenye jedwali, akazigeuza safu za saa kuwa maandishi matupu, akazihifadhi upya, akazivuta tena. Saa zikarudi kuwa saa.

Ikabaki picha. Alhaji aliitaka katikati, na kubwa. Kila alipoonyesha ukubwa alioutaka, kidole chake cha mafuta ya sambusa kilipita juu ya kioo, kikiacha mchirizi kutoka shavu la picha hadi siku ya kumi na mbili. Mwamvua akafuta kwa ncha ya kanga. Alhaji akaupaka tena. Ile kanga Mwamvua alikwenda kuiloweka nyumbani.

Picha ilipokua, mistari ya mwisho ya jedwali ilipotea, na chini ya boksi la maandishi kikatokea kipembe chekundu. Mwamvua akamweleza Haruni kwamba kipembe hicho maana yake kuna maneno ndani yamekosa mahali, na hayatatoka hata yakichapwa. Akaipunguza picha, siku zikatoka zote, kipembe kikafutika. Akaenda zake kuswali Alasiri, kisha nyumbani.

Alhaji akarudi. Akamkuta Haruni, akasema hakutoa fedha zake awe saizi ya picha ya kitambulisho. Haruni, ambaye hakuwahi kuigusa mashine ile kwa ajili ya elimu wala biashara, akaigusa kwa ajili ya Alhaji. Alishika pembe ya picha akaivuta. Meno yakatanuka. Kipembe chekundu kikarudi, akakiona, na kwa kuwa maelezo ya Mwamvua hakuyasikiliza, akakidhani pambo. Flopi ikapanda basi kwenda kwa mpiga chapa.

Karatasi zilirudi siku mbili kabla ya mwezi kuandama, zikagawiwa kwa pikapu yenye spika kabla Mwamvua hajaiona hata moja. Aliyemletea ni Rukaiya, muuza vitumbua wa jirani.

“Shoga, yako hii? Kwa hesabu yako tukifika ishirini tunapika pilau.”

Mwamvua akasoma. Kumi la kwanza lilikuwepo. La pili lilikuwepo. Kumi la mwisho, ambalo ndani yake waumini hukesha wakiutafuta usiku bora kuliko miezi elfu, halikuwepo. Jina lake lilikuwepo.

Kufika jioni Alhaji alikuwa na maelezo. Kumi lile lilikuwa linavuka mwaka, na redio si imeshasema kwamba kompyuta zitagoma kuingia elfu mbili? Basi hii ya Kibiti imewahi. Watu wengi waliridhika, kwa kuwa maelezo yaliyotoka redioni hayahitaji kufikiriwa. Haruni akambembeleza Mwamvua aseme hivyo hivyo akiulizwa. Mashine haina ukoo wa kuchukia, na Alhaji ndiye mteja mkubwa. Wala hakuficha kwamba mtu asiyejua kumlinda mteja, duka litamshinda.

Kesho yake wanawake walijaa mlangoni kuuliza. Alhaji mwenyewe alikuwapo, amekaa kwenye kiti cha wateja, anachokonoa meno.

“Waeleze, mwanangu,” akasema. “Waeleze hiyo elfu mbili.”

Mwamvua alimtazama kama mtu anavyotazama unywele ndani ya uji.

“Kompyuta haikula siku, Alhaji. Siku zimeliwa na picha yako.”

Hakuna aliyecheka mpaka Rukaiya alipoanza.

Haruni hakumfukuza. Alipiga hesabu ya nani mwingine angeiwasha mashine, akaamua kumnunia tu. Mwamvua akachapa kumi la mwisho kwenye stensili, akaliingiza kwenye mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, akaanza kukata vipande na kuvigawa bure. Hakuandika vibandikwe wapi. Watu walipika gundi ya unga wa muhogo, wakaitazama karatasi, wakaona jedwali limebana kushoto na kulia, na katikati uwanja mpana wa meno. Wakabandika.

Mfungo ulipofika siku ya tano Alhaji aliingia dukani bila salamu.

“Nimefunikwa uso mpaka Nyamisati. Nimebaki kilemba na mabega. Si wangebandika juu ya siku zilizopita?”

“Wengine wana siku za kulipa, wanataka kuziona.”

“Toa tangazo, basi. Andika wanibandue.”

“Alhaji,” akasema Mwamvua, “sogea kidogo, umesimama juu ya karatasi.”

Akashika mkono wa mashine, akaendelea kuzungusha. Vipande vya Kiongoroni, kule deltani, vilikuwa bado, na boti ilikuwa inasubiri maji kujaa.