Nyayo za Baba Kwenye Njia ya Zizini

Tangu macho ya mama yapotee, anatujua wanawe kwa nyayo. Akiwa ndani ya nyumba yake kule Butiama, anasikia mtu anashuka njia ya zizini, anamtaja kabla hajapiga hodi. Mimi alikuwa akisema ninatembea kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Kisha nikahamia Mwisenge, nikafungua duka la vitenge mjini Musoma, na miguu yangu ikapata likizo. Bodaboda ananichukua mlangoni na kunishusha mlangoni. Chipsi na soda naletewa palepale nilipokaa. Hata mkate wa duka la jirani, ambalo naliona dirishani, napiga simu uletwe. Mashoga zangu walinisifu nimenawiri, nami mjinga nikaamini, nikawa namwambia fundi cherehani aachie nafasi kidogo.

Nikienda kumsalimia mama, pikipiki ilinifikisha hadi kizingitini. Alinijua kwa mlio wake.

Mvua zilizopita, tope lilimshinda dereva, akaniacha juu barabarani. Nikashuka kwa miguu. Nilipofika kwenye ua wa minyaa, pumzi ikakata, nikasimama. Jua lilikuwa linawaka. Ng'ombe zizini waliacha kutafuna, wote wakanigeukia.

"Mzee," mama akaita kutoka ndani, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto. "Ingia basi. Ulikuwaga unasimama hapo hapo kupumua."

Baba tulishamzika zamani. Alikuwa dereva wa ofisi, mtu wa kiti na usukani, na kitambi chake watu walikiheshimu. Presha ilimwangusha kwenye minyaa ile, kati ya gari na mlango.

Nilitaka kusema ni mimi, lakini pumzi haikutosha, nikazidi kuhema. Na kila nilivyohema, mama alizidi kuamini.

"Kama umenifuata mimi, niko tayari," akasema. "Ila watoto uwaache."

Niliingia nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi."

Alinipapasa uso, shingo, akashuka hadi vifundo vya miguu, akabonyeza. Kidole chake kiliacha shimo, na shimo halikujaa upesi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Ni wewe," akasema, bila furaha. "Lakini na yeye namsikia humo ndani yako."

Asubuhi tope lilikuwa limekauka, na bodaboda akaja kupiga honi mlangoni. Nikamwambia anisubiri juu barabarani. Mama alikaa kizingitini, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nilipanda polepole, nikihesabu pumzi, nimeazimia kuipita minyaa bila kusimama.

Nilisimama.

Nyuma yangu nikamsikia mama akisema, taratibu, kama mtu anayeomba: "Mzee, mwache mtoto wangu."