Mstari wa Kwanza Haufai

Mzee Silvano, mwalimu mstaafu wa Kibakwe, hupima mvua kila asubuhi na kuandika vipimo kwenye faili la kompyuta. Programu niliyomtengenezea nikiwa ofisini Dodoma haina vitufe. Anaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inasoma faili. Wiki nzima ilimkatalia kwa maneno yale yale: "Mstari wa kwanza haufai." Hayo maneno niliyaandika mimi, nikiwahi chakula cha mchana.

"Nimeurekebisha mara tano, Hamida mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Bado hautaki."

"Mzee, ni tarehe na milimita tu! Ugumu uko wapi?" Nilimfokea hivyo, na shikamoo yangu haijapoa.

Akanitumia faili lenyewe. Nikalifungua, huku nimekunja uso. Mstari wa kwanza ulikuwa salamu, na kila alipokataliwa alikuwa ameirefusha: "Habari za kazi. Poleni na majukumu. Poleni na jua la Dodoma. Kama niliwakwaza mahali, naomba radhi."

Chini yake, vipimo vyote vilikuwa sahihi.

Nikampigia tena. Nilisema shikamoo, kisha nikamwomba radhi.