Barafu Chini ya Kanisa

Jumanne moja nilikuwa kwenye foleni kaunsili, yaani ofisi za halmashauri, hapa Tottenham, mama mmoja Mkongo aliponipita mbio na kubwaga kipande cha bomba la chuma juu ya kaunta.

“Baba, musibomoe kanisa letu!” alisema akihema. “Nilikuwa napiga deki, ubao ukavunjika. Chini kumejaa mabomba kama hili, ukuta hadi ukuta.”

Karani, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliligeuzageuza bomba, akaingia ndani. Alirudi na ramani kuukuu, akaweka kidole juu ya jengo la kanisa.

“Mama, njoo uone! Zama za Malkia Victoria watu waliteleza kwenye barafu humo ndani, hata kiangazi. Mabomba haya ndiyo yaliyogandisha maji. Sisi tuliandika ni ghala tu!”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo halibomolewi mpaka wataalamu walikague.”

Mama alipiga kigelegele, na foleni nzima ikapiga makofi. Wataalamu walikuja, jengo likaandikishwa kuwa la kuhifadhiwa, na kwaya bado inaimba humo.

Waliosomea majengo walipita hapo miaka yote wasigundue kitu. Ukitaka historia ya nyumba, muulize anayeipiga deki.