Chai Isiyokuwa Kwenye Bili

Watu wakiniuliza miaka ile nilikuwa nafanya kazi gani, nawajibu nilikuwa kwenye mambo ya hoteli, na hawaulizi zaidi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: natumwa kwenye mgahawa wa gharama, nakaa kama mteja yeyote, nakula, nalipa, halafu narudi kwangu Sekei na kuandika kila kosa la aliyenihudumia. Wenyewe wanaita mteja wa siri. Jirani zangu wangejua wangeniita mmbea wa kulipwa, na wasingekosea sana.

Niliipata baada ya watalii kukata mguu na ile hoteli niliyokuwa nasimamia usafi wa vyumba kufungwa. Kampuni iliyonituma, inayolipwa na wenye migahawa, ilikuwa na ofisi Dar, na sikuwahi kumwona mtu wake hata mmoja kwa macho. Wanakutumia fomu kwenye barua pepe, unatanguliza hela yako mwenyewe, na ukipeleka risiti pamoja na fomu iliyojazwa sawasawa wanakurudishia gharama ya chakula na kukuongezea posho ya elfu hamsini. Ukipoteza risiti, umekula kwa hasara yako. Ukiruka swali moja la lazima, vilevile. Nauli hawalipi. Kwa hiyo mchana nakata steki na kitambaa cheupe mapajani, jioni nachemsha makande na kuyala bila hata kitunguu.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Ile kazi niliipenda, na si kwa sababu ya elfu hamsini. Miaka kumi na tisa niliinamia vitanda vya watu, nikafokewa kwa unywele mmoja kwenye mto, nami najibu samahani, samahani. Sasa ilikuwa zamu yangu. Kijana mmoja kule mjini nilimwandika kwa kucha chafu. Mwingine nilimwandika kwa sababu alimjibu mwenzake "poa" mbele yangu. Dada mmoja alikuwa na mafua, akageukia ukutani maskini ya Mungu, akapiga chafya kwenye kiwiko chake, nami nikatazama saa na kuandika hadi dakika. Siku kama hizo nilitoka mgahawani nimeshiba mara mbili.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilitumwa kwenye mgahawa ulio ndani ya shamba la kahawa, upande wa kupanda Meru. Bodaboda haziruhusiwi kuvuka geti lao, eti zinawapigia wageni kelele. Nikashushwa getini, nikatembea katikati ya mibuni, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mnaujua udongo wetu. Nilifika mezani na kitenge cha maana, mkoba wa kuazima, na viatu vimeshika tope pande zote.

Fomu ilitaka mhudumu afike ndani ya dakika mbili, ajitambulishe kwa jina, na aseme maneno ya kukaribisha kama uongozi ulivyoyaandika, neno kwa neno. Nikaweka simu mapajani nianze kuhesabu. Akaja binti mrefu, shati limepigwa pasi, tabasamu la kazi liko tayari. Aliponitazama usoni tabasamu hilo likaondoka, likaja la kweli. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama!"

Nilimtambua hapohapo. Mama yake na mimi tumekulia kijiji kimoja huko juu, tumeimba kwaya moja usharikani, na binti mwenyewe nilimfundisha shule ya Jumapili akiwa hana meno ya mbele.

"Marahaba," nikamjibu, na huku kidole kinaandika: hakujitambulisha, hakutumia maneno ya kukaribisha. Sasa niambieni, binti wa Kimeru aliyelelewa akaleleka, amkute mwalimu wake wa shule ya Jumapili, aanze kumwambia "habari ya mchana, mimi naitwa fulani, nitafurahi kukuhudumia leo"? Thubutu! Angejiona anatukana. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na bado niliandika.

"Umekuja na wageni, mama?"

"Nimekuja kula."

Akacheka kwa furaha, akanieleza mambo yake harakaharaka huku akipanga visu. Alikuwa na miezi mitano pale, bado yuko kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi ndipo angepewa ajira ya kudumu, na ajira ya kudumu ina bima ya afya inayomchukua na mzazi. Mama yake sukari ilikuwa imemshika, mguu una kidonda kisichotaka kupona, na dawa wananunua kwa kuuza ndizi na kuku mmojammoja. "Kuku wenyewe wameisha, mama," akasema. "Nasubiri hiyo tarehe tu."

Halafu akaona viatu vyangu. Kabla sijasema kitu akachutama, akachomoa karatasi za kufutia mikono, akaanza kunifuta tope, kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Kwetu ni heshima. Pale meza mbili ziligeuka kututazama, na mwanamke mmoja mwenye miwani ya jua kichwani akamnong'oneza mwenzake. Nilitamani sakafu inimeze.

Ningemsamehe hilo. Kilichofuata ndicho sikukisamehe. Nimefungua menyu, kidole changu kiko kwenye steki, yeye akaniinamia sikioni kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayekustiri.

"Mama, hiyo ni elfu tisini. Chukua supu, inakuja na mkate. Utashiba vizuri tu."

Jamani! Moto ulinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Mimi! Katoto nilikokafuta makamasi kwa khanga yangu kananionea huruma! Na kibaya zaidi, kalikuwa sahihi. Hela iliyokuwa kwenye ule mkoba wa kuazima nilikuwa nimeikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama ili nitangulize bili.

"Nimekuuliza bei?" nikamwambia.

"Samahani mama."

"Lete hiyo steki. Na supu lete. Na keki mwishoni."

Alinihudumia bila dosari. Nasema hivi kwa sababu niliitafuta dosari kwa nguvu zangu zote. Supu ilikuwa ya moto, maji hayakupungua kwenye glasi, nyama ilikuja kama nilivyoagiza. Nilikwenda hadi chooni kunusa sabuni, nikarudi nikakuta kitambaa changu kimekunjwa upya. Nilichoka kwa hasira.

Nilipomaliza keki akaniletea kitu ambacho sikuagiza, kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi, ile ya kwetu, iliyochemka mpaka ikakolea.

"Hii ni yangu, mama. Isiingie kwenye bili yako, naenda kuilipia kaunta."

Nilielewa anafanya nini. Kwetu mtu mzima hafiki mlangoni pako akaondoka bila kuonja kitu chako, na yule binti hakuwa na mlango mwingine wa kunikaribisha. Nikamfuata kwa macho. Alitoa noti kwenye mfuko wa aproni, akampa mwanamume wa kaunta, na yule mwanamume akaikunja na kuitia kwenye mfuko wake wa shati. Risiti hakutoa. Niliona kila kitu. Nikanywa chai yote.

Jioni ile nikajaza fomu mezani kwangu. Kulikuwa na swali moja wanalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowakamata wezi: je, ulipewa chakula au kinywaji chochote ambacho hakikuwa kwenye bili yako? Ndiyo au hapana. Nikaweka ndiyo. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo, mistari mitatu hivi, na haikuwa ya lazima. Ningeweza kuandika: ameilipia mwenyewe, nimemwona. Maneno matatu. Hata dakika isingefika.

Nilikaa na ile nafasi kwa muda. Nikaikumbuka ile sauti ikiniambia nichukue supu. Nikasema moyoni, haya bwana, na ajifunze kutomhurumia mtu ambaye hajaomba. Nikaiacha tupu, nikatuma, nikalala usingizi mzuri.

Pesa iliingia kwenye simu baada ya wiki tatu, na ujumbe wa kunisifu juu yake, kwamba taarifa yangu ilikuwa na umakini wa hali ya juu. Nikarudisha mkopo wa kikundi, nikanunua kilo ya nyama.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, nikasikia hodi. Ni yule binti. Alikuwa amevaa sketi ya kanisani, na macho yamevimba. Nikamkaribisha ndani. Nikampa chai, nini kingine ningempa?

Walikuwa wamemfukuza siku mbili kabla ya tarehe yake. Meneja alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi: siku fulani, saa fulani, meza fulani, alitoa kinywaji nje ya bili. Wizi. Alijitetea kwamba alikilipia. Mtu wa kaunta akaitwa, akasema hakumbuki kitu kama hicho. Binti akaambiwa avue aproni palepale, na asiombe barua ya kumtambulisha kwingine.

"Na mama?" nikauliza.

"Daktari amesema wakichelewa wataukata mguu." Alisema bila kulia, nadhani alikuwa ameshamaliza kulia. "Kuna mzungu mmoja siku ile alikaa dirishani peke yake, mama, alikuwa anaandikaandika. Nafikiri ni yeye."

"Watu wengine hawana huruma," nikasema.

"Hata simlaumu. Yeye aliona tu chai inakwenda mezani, angejuaje nimeilipia?" Akaweka kikombe chini, akasogea mbele ya kiti. "Lakini wewe ulijua. Nilikwambia. Na kaunta ulikuwa unaniona, nilikuangalia nikakuona unanitazama. Meneja amesema nikileta shahidi Jumatatu saa nne atanisikiliza, ikipita hapo basi, wameshapata mwingine. Mama ndiye amenituma kwako. Amesema nije kwako kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe tangu usichana wako husemi uongo."

Na ni kweli, sisemi. Nilipitia fomu nzima kichwani wakati ule nikiwa nimeshika birika. Hakujitambulisha, kweli. Hakutumia maneno ya kukaribisha, kweli. Kinywaji nje ya bili, kweli. Hapakuwa na tiki hata moja ambayo nisingeiapia kanisani.

Nikiingia kwa yule meneja na kusema mimi ndiye niliyekunywa ile chai, atatazama karatasi yake, meza ileile, saa ileile, na atajua mara moja nani aliijaza. Kampuni ya Dar isingenituma tena kokote. Na huyu binti angekuwa amesimama kando yangu, akisikia.

Niliogopa. Si umaskini niliouogopa, huo nimeuzoea. Niliogopa uso wake.

"Jumatatu nina safari ya Moshi," nikamwambia. "Msiba."

Huo ndio uongo pekee niliosema katika jambo zima, na aliuamini hapohapo. Akanishika mikono yote miwili, akanipa pole, akauliza ni nani aliyefariki.