Mashuka ya Papa Mugisho

Siku yangu ya kwanza ku kazi, Masere Adolphine, sista na titulaire, ndiye mukubwa wa wauguzi mu salle ya wagonjwa, alinipa bassin, kile chombo cha kujisaidia kitandani. Akasema: "Maman Cécile, masomo yako ni kidogo, lakini hii utaijua kuliko docteur. Mutu akisha kupasuliwa, tumbo inalala. Kazi yako ni kuiamusha."

Niliiamusha miaka mingi, kwanza ku hospitali ya Katana, kisha hapa Ibanda. Docteur akiruhusu, maji kidogo kidogo, uji, papai, na kumutembeza mugonjwa mapema, kwani dawa za maumivu nazo zinafunga tumbo. Kila asubuhi nauliza: "Hewa imetoka? Umeenda choo?"

Ku Ibanda tukapokea Papa Mugisho, mwalimu, kwa kupasuliwa ngiri. Siku ya ine, hakuna kitu. Tumbo ngumu kama ngoma, papai ku meza vilevile. Docteur Bahati akasema: "Kama kesho bado, tunamurudisha ku bloc." Wakamupasue tena!

Bibi yake alikuwa amezaa juzi tu. Aliyekaa kando ya kitanda alikuwa mama mumoja wa heshima, Maman Nabintu. Nikamuuliza: "Maman, muko nani wake?"

"Niko mama ya bibi yake."

Yoo! Nikajipiga kichwa. Siku ine nilikuwa namuwekea bassin mbele ya mama mukwe! Kwetu Bashi, mukwe hata kula mbele yake hawezi.

"Maman, tafazali, mutufulie hizi mashuka kule inje. Musirudi mpaka niwaite."

"Zote?"

"Zote."

Alipotoka, Papa Mugisho akanong'ona: "Maman Cécile, ulichelewa wapi?" Akakunywa maji, akala papai, tukazunguka couloir, ile njia kati ya vyumba, mara tano. Magaribi nilisimama ku mulango wa choo. Nikasikia hewa inatoka kama honi ya camion inapanda mulima kutoka Sange.

"Iko namna gani, Papa?"

"Ambia docteur abakie na kisu yake!"

Nilicheka mpaka machozi. Maman Nabintu, ku kamba ya nguo, aliposikia mukwe wake amefunguka tumbo, akainua mikono: "Aksanti Mungu! Nipe na miye papai. Tangu nifike hapa nakula nikijificha ku ngazi."

Sasa niko ku pension. Mwaka uliopita, miye pia nikapasuliwa. Nilipofungua macho, Déogratias, muume wa binti yangu, alikuwa amekaa kando, na bassin chini ya kitanda.

Nikamwambia: "Baba, aksanti kwa kuja. Kamata mashuka, ukafue."