Kitabu cha mapenzi kilichokosa mwisho

Juzi pale lopitali, nje ya chumba cha upasuaji, papa mmoja, muzee wa reli, alikuwa akimusomea mke wake, aliyekaa kitandani akingoja kupasuliwa, kitabu cha mapenzi. Sisi wenye wagonjwa tuliacha vyungu vyetu uani, tukasogea kusikiliza. Kitabuni, bibi amefungwa mbali kwa kosa la mwingine, na bwana ameapa kumungoja. Mara kurasa zikaisha. Za mwisho zilikuwa zimechanwa. Sokoni kwetu wauza karanga hawaachi karatasi ya kufungia.

Muuguzi akaita, "Mama, zamu yako."

"Siingii!" Mikono yake ilikamata kitanda. "Nijue kwanza kama alimungoja."

Kisu kilikuwa kinamutisha, sote tuliona. Papa akainamia jalada tupu, akaendelea kama vile maandishi yapo: "Akakaa mulangoni. Watu wakamuletea bugali, akakataa, mpaka mke wake atoke."

"Muongo we! Huyo njo wewe mwenyewe," mama akacheka, akaachilia kitanda.

Mlango ulipofungwa nikamupelekea sahani ya bugali na samaki wadogo, ndagala. "Papa, kitabu kimeisha. Kula."

Akanitikisia kichwa. "Mama, bado."

Mimi shule sikuiona, wajukuu ndio wananisomea vitabu hivyo, na kila mara nilisema waandishi wanatia chumvi. Siku hiyo nilifunika sahani tu. Jua lilikuwa limegeuka walipomutoa mke wake, midomo mikavu, macho nusu wazi. Aliyazungusha mpaka yakamupata muzee wake.

"Umekula?" akauliza.